Mtama Uliopakwa Nyonyo

Mvua ya kwanza ilinyesha Jumatano ikakatika. Ya pili ilinyesha Ijumaa mchana kutwa, na Jumamosi asubuhi Adija alipochomeka kidole kwenye udongo nje ya kibanda chake, kidole kilizama chote. Akarudi ndani, akakifudikiza kinu karibu na jiko, akapanda juu yake, akanyoosha mikono kwenye moshi na kuifungua kamba iliyoshikilia kibuyu kwenye boriti.

"Kizito?" aliuliza mama mkwe wake, Bi Mwahija, aliyekuwa amekaa mlangoni akimenya ndiga.

"Ni vile vile, mama. Vibaba viwili."

"Vibaba viwili," Bi Mwahija alirudia polepole, kama mtu aliyetajiwa ghala zima.

Siti, binti wa Adija mwenye miaka mitano, alikuwa amelala chali mkekani, tumbo limemtuna na nywele zimegeuka rangi ya vumbi. "Mama, nipe nitafune," alisema.

"Hizi si za kutafuna."

"Moja tu."

"Hata moja." Adija alijibu akiwa amemgeuzia mgongo.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu vita vianze katika vilima vile vya nyuma ya Kilwa. Mume wa Adija alikwenda vitani na majani ya mtama kichwani, hakurudi. Askari wa Mjerumani waliposhindwa kuwapata wapiganaji walianza kuchoma maghala. Kijiji kikahamia porini. Huko porini Adija alikuwa na mizigo miwili, mtoto mchanga mgongoni na kibuyu kiunoni. Walipotoka kusalimu amri, kibuyu ndicho kilichorudi.

Mtama uliokuwamo ulikuwa ule mwekundu, mfupi, unaokomaa kabla ndege hawajashuka. Wanawake wa vilima vile waliutunza kwa njia moja, tangu bibi zao. Punje zilichaguliwa moja moja, zikapakwa mafuta ya nyonyo kidogo, kiasi cha kung'aa tu, zikatiwa kibuyuni na kutundikwa juu ya jiko. Nyonyo iliwazuia fukusi, wale wadudu wa nafaka, kuingia, na moshi ukawamaliza waliokwisha kuingia. Mbegu iliyotunzwa hivyo ilivumilia misimu miwili. Huu ulikuwa wa pili. Kama isingepandwa sasa, isingeota tena, na wao wangebaki na ndiga, ile mizizi ya porini yenye sumu inayolowekwa mtoni siku tatu, na anayekosea hesabu huzikwa.

Adija alikuwa ndiyo kwanza ameshuka kwenye kinu aliposikia kishindo cha viatu nje.

Walikuwa askari wawili, na mbele yao Jumbe Mfaume, mkuu wa kijiji. Jumbe alisalimu amri mapema kuliko wenzake, ndiyo sababu shingo yake ilikuwa bado mahali pake.

"Shikamoo, Baba Jumbe," alisema Adija.

"Marahaba, mwanangu. Tulia tu. Wanatafuta bunduki na dawa. Wakikosa wataondoka."

Askari mrefu, aliyeitwa Yahya, alipindua mkeka na mtoto juu yake. Akachungulia chunguni, akainua kinu. Kisha akakiona kibuyu mikononi mwa Adija. Alikichukua bila kuomba, akaingiza mkono.

"Nini hii?"

"Mbegu, bwana."

"Mbegu ina mafuta?"

"Nyonyo, bwana. Kwa ajili ya fukusi."

Yahya aliutoa mkono. Punje nyekundu zilikuwa zimemganda vidoleni, zinang'aa. Alizitazama, na taratibu uso wake ukabadilika. Dawa ya vita, ile waliyogawiwa watu ili risasi ziwageukie maji, ilikuwa maji, punje za mtama na mafuta ya nyonyo. Askari wote walifundishwa hivyo. Yahya akaufuta mkono ukutani, akaufuta kwenye suruali, akachota udongo akausugua, akaufuta tena ukutani.

Mwenzake alicheka mpaka akashika mlango. "Yahya, umeshapakwa! Sasa hata sisi tukikupiga risasi utalowa tu!"

"Nyamaza wewe! Mfunge huyu mwanamke."

Adija alimgeukia jumbe. Hakuhitaji kufikiri. "Baba Jumbe, waambie. Mafuta haya nilipewa na mkeo, Bi Tawakali. Kibuyu chake kinaning'inia jikoni kwako kama hiki. Waambie."

Mfaume aliangalia boriti, akaangalia moshi. Midomo yake ilifunguka. Askari wote wawili walikuwa wakimtazama.

"Mambo ya jikoni kwa wanawake," alisema, "mimi siyajui."

Walimfunga mikono kwa kamba ile ile iliyokuwa imeshikilia kibuyu. Kibuyu chenyewe Yahya hakutaka kukigusa tena, wakamtwika jumbe. Walipofika kwenye mpaka wa uwanja Adija aligeuza shingo, akapiga kelele.

"Mama! Ndiga za mtoni zina siku moja tu! Usimpe mtoto mpaka Jumatatu! Umenisikia? Jumatatu!"

Kituo cha akida kilikuwa Mtondoo, mwendo wa nusu siku kuteremka kuelekea pwani. Mbele ya baraza palikuwa na rundo la vitu vilivyochukuliwa vijijini: magobori, pinde, ngoma, majembe, milango miwili ya nakshi, na vinu. Hakuna aliyejua serikali ingefanya nini na vinu. Kibuyu kiliwekwa peke yake juu ya kigoda, na watu walikipita kwa mbali.

Akida Abdulatifu alikuwa mtu wa mjini Kilwa, wa kanzu na kofia ya kufuma, mwenye sauti laini ya mtu ambaye hajawahi kuita mtu mara mbili. Pembeni yake, kwenye meza ndogo, alikaa karani Andrea, kijana wa misheni, na kalamu yake. Nyuma yao Mjerumani mwenye umri wa makamo alikuwa akifuta miwani. Watu walimwita Bwana Miwani. Alisikia Kiswahili, ila alipotoa hukumu alipenda itoke kinywani mwa mtu mwingine.

"Bibie," alianza akida, "unasema hii ni mbegu."

"Ndiyo, Bwana Akida."

"Mimi nimekula mtama tangu nizaliwe. Sijaona umepakwa mafuta. Mbegu zako zinakwenda harusini?"

Askari walicheka. Adija alingoja wamalize.

"Bwana umeula kwenye sahani. Ungeuona kabla haujapandwa ungeuona hivi."

Kicheko kilikatika. Andrea aliinamisha uso mezani.

"Ana mdomo," alisema akida, bila kupandisha sauti. "Sikiliza basi, nikueleze ulipo. Hii ikiwa ni dawa, aliyeiweka ni mwenye dawa, na wenye dawa tumewatundika wote, unajua wapi. Ikiwa ni chakula, ulikificha. Amri ya serikali ni kwamba chakula cha watu walioasi kinakamatwa. Nawe ulikuwa porini miezi saba."

"Mimi nimesalimu amri, bwana. Cheti ninacho."

"Cheti ni cha shingo yako. Hakikutaja tumbo."

Adija alikuwa na kiu. Alilitazama lile rundo, akakitazama kibuyu, na wazo likamjia likiwa zima, akalisema kabla hofu haijalishika.

"Dawa haioti," alisema. "Mbegu inaota. Zipandeni chache hapa hapa, mbele ya macho yenu. Zikiota, ni mbegu."

Bwana Miwani aliacha kufuta miwani. Aliongea na Andrea kwa lugha yao, maneno mengi, na mara moja akatabasamu. Akaamuru kiletwe chungu chenye udongo. Alizihesabu punje mwenyewe, kumi, akazifukia kwa ncha ya kalamu ya risasi, akaandika tarehe kwenye daftari lake. Chungu kikawekwa barazani palipo na jua. Yahya akapewa kazi ya kukilinda na kukinyeshea maji asubuhi na jioni.

"Siku tano," alisema Andrea, akitafsiri. "Bwana anasema siku tano. Zikiota, hunyongwi. Zisipoota..."

Adija alifungiwa kwenye chumba cha nyuma cha ghala, pamoja na wanawake wengine wanane waliokamatwa kwa kulala nje ya vijiji vyao. Ni humo gizani alipoanza kuogopa kweli. Misimu miwili. Mafuta yalipakwa mara mbili, na ya pili yalikuwa mengi mno, maana alipaka kwa haraka siku ile, ndege walikuwa wamekaa kimya na milio ya bunduki ilikuwa inakaribia. Mafuta yakizidi huiziba punje ikafa. Bibi yake alimwambia hivyo. Alijiona akipakaa, akapakaa tena, akajaribu kukumbuka kama punje zilimteleza vidoleni au zilishika.

Magharibi ya kesho yake akida aliswalisha barazani. Sauti ilipita dirishani, nzuri, iliyonyooka, yenye kisomo kilichotulia. Ndani ya ghala wanawake wanne wa Kiislamu walijipanga safu nyuma ya Adija, wakaelekea alikoelekea yeye, wakamfuata imamu wao ng'ambo ya ukuta. Alipokwenda rukuu, walirukuu. Alipoitikia amina, waliitikia. Baada ya salamu Adija alibaki ameketi juu ya udongo, viganja wazi. Hakuomba atoke. Hakuomba akida aadhibiwe. Aliomba mbegu ziote, na alipomaliza aliomba tena, kwa ajili ya kila punje aliyoweza kuikumbuka.

Jumatatu ilipita. Aliihesabu kwa ajili ya ndiga za mtoni.

Yahya alikuja dirishani jioni ya siku ya tatu, akijifanya anakagua komeo.

"Hakuna kitu," alisema.

"Umezinyeshea kidogo kidogo? Ukizijaza maji zinaoza."

"Unanifundisha kazi?"

"Kwenu wanalima nini?"

"Mtama," alisema Yahya. "Mweupe. Mrefu." Akasimama kidogo zaidi. "Mkono wangu hauna kitu. Nimeutazama kila siku. Mtama wako ungekuwa dawa ungefanya kitu, sivyo?"

"Ungekuwa dawa, mume wangu angekuwa hai."

Asubuhi ya siku ya tano mlango ulifunguliwa kwa kishindo na Yahya alikuwa anahema kama aliyekimbia. Alimshika Adija mkono, akamvuta mpaka barazani, akamsukuma mbele ya chungu.

Zilikuwa nane. Nane kati ya kumi, zimenyooka, rangi ya kijani iliyotaka kuwa njano, kila moja imebeba tone la maji kwenye ncha. Adija alipiga magoti. Aliinamisha paji la uso chini, pale pale kwenye sakafu ya baraza, na watu waliokuwapo wakadhani anamsujudia Mjerumani.

Bwana Miwani alizihesabu kwa kidole. Alipima urefu wa moja kwa kijiti, akaandika. Aliongea na Andrea akiwa amechangamka, akionyesha chungu, akionyesha kibuyu, akionyesha bonde lililo nyuma ya kituo. Andrea aliuliza kitu. Mjerumani alirudia kwa kifupi. Andrea akauliza tena, na safari hii akajibiwa kwa ukali.

"Bwana anasema," alianza Andrea, akajikohoza, "anasema umesema kweli. Ni mbegu. Shitaka la dawa limeondoka. Uko huru."

"Alhamdulillahi. Naomba kibuyu changu, karani. Nikitembea sasa nitafika kabla ya magharibi. Kesho nipande."

Andrea aliishika kalamu kwa mikono miwili.

"Anasema ni mbegu nzuri sana. Askari wa kituo wanahitaji kula. Kibuyu kimekamatwa kwa matumizi ya serikali. Zitapandwa bondeni, shamba la akida."

Adija hakuelewa. Alimtazama karani, kisha akida, kama mtu aliyekosea nyumba. "Lakini mmesema si dawa."

"Si dawa," akida alikubali kwa upole. "Dawa tungeichoma. Huwezi kuchoma mbegu nzuri namna hii, ni dhambi."

"Bwana Akida, nina mtoto. Nina mzee."

"Wenye watoto ni wengi."

"Nusu, basi. Nipe kibaba kimoja. Kiganja. Bwana, humo ghalani nimeswali nyuma yako."

Kitu kilipita usoni mwa akida, haraka, kama kivuli cha ndege. Akaitengeneza kofia yake, ingawa ilikuwa haijapinda. "Mungu akutakabalie," alisema. "Na kwa kuwa wewe ndiye unayejua mtama huu unavyotaka kupandwa, utaupanda wewe. Siku tatu. Ndipo utakwenda kwako."

Kwa hiyo Adija alipanda. Walikuwa wanawake kumi na sita bondeni, wale wa ghalani na wengine waliokuja kwa zamu kutoka vijijini. Aliye mbele alichimba shimo kwa jembe, Adija akatia punje nne, aliyefuata akafukia kwa kisigino. Udongo wa bonde ulikuwa mwekundu, wenye changarawe juu na unyevu chini. Mikono yake ilijua kazi ile kuliko yeye. Haikuharibu hata shimo moja, na aliichukia kwa hilo.

Siku ya kwanza mwanamke mmoja wa Kiranjeranje alikamatwa na punje kwenye pindo la kanga. Akachapwa ishirini na tano mbele ya wenzake. Siku ya pili walikagua nywele. Jioni hiyo akida alitunga utaratibu mpya. Kila mwanamke atokapo langoni alipaswa kutaja jina lake, kisha aseme kwa sauti, "Sina mali ya serikali." Andrea aliweka alama mbele ya jina.

Siku ya tatu, jua lilipoanza kuteremka, kibuyu kilibakiza punje za mashimo machache. Adija alipokuwa ameinama alipitisha mkono mdomoni kama anayefuta jasho. Mashimo matatu baadaye akafuta tena. Akazipanga chini ya ulimi, kumi na moja, na ladha ya nyonyo na moshi wa jiko lake ikamjaa kinywani mpaka macho yakamlowa. Kumi na moja zingetoa masuke kumi na moja. Suke moja lina punje nyingi. Mwaka wa kwanza usingekula. Mwaka wa pili ungepanda uwanja mzima.

Mvua ilianza wakati wanajipanga langoni. Ilikuwa nyepesi, na akida alikuwa amesimama chini ya mwamvuli aliokuwa ameshikiwa na askari. Andrea alikuwa ameketi chini ya kipaa, daftari limefunikwa nusu kwa kitambaa. Wanawake walipita mmoja mmoja.

"Sina mali ya serikali."

"Sina mali ya serikali."

"Jina?" aliuliza Andrea, bila kuinua macho. Kisha akayainua.

Adija alisimama mbele yake, midomo imefungwa. Andrea alilitazama shavu lake. Alilitazama kwa muda mfupi tu, akashusha macho upesi, akaichovya kalamu. "Adija," alisema mwenyewe, akiandika. "Huyu tunamjua. Amemaliza zamu yake. Apite."

"Sijamsikia," alisema akida.

"Amesema, Bwana Akida. Mvua tu..."

"Nimesema sijamsikia." Akida alisogea hatua moja, na mwamvuli ukasogea naye. Hakuwa na hasira. "Bibie, wewe ndiye mwenye mdomo kuliko wote hapa. Leo umekuwaje? Sema, wenzako wanalowa."

Adija alimtazama. Alijaribu kuzisukuma punje shavuni kwa ulimi, na ulimi ukakataa kutosha. Yahya, kando ya lango, aliangalia viatu vyake.

Akameza. Zilishuka vibaya, ngumu, zikimkwaruza. Alimeza mara ya pili kuzimalizia.

"Adija binti Likwata," alisema. "Sina mali ya serikali."

"Tena. Wa nyuma wasikie."

"Sina mali ya serikali!"

"Unaona?" alisema akida. "Nenda kwako salama. Msalimie mzee."

Alipita lango. Alitembea kama mtu asiye na haraka mpaka njia ilipopinda na kituo kikafichwa na vichaka. Hapo alikimbia hatua chache, akaanguka magotini, akatia vidole viwili kooni.

Mara ya kwanza yalitoka maji. Mara ya pili yalitoka maji na nyongo. Mara ya tatu kitu kilimkwaruza njiani kikaruka chini, kisha vingine. Aliinama akaanza kuviokota. Mvua ilikuwa imekaza. Maji yalikuwa yameanza kukimbia njiani yakibeba changarawe, na changarawe za bonde lile zilikuwa nyekundu, za mviringo, ukubwa wa punje ya mtama. Aliokota moja akaiminya, ikawa jiwe. Akaokota nyingine akaiweka kwenye meno, nayo ikawa jiwe. Akakusanya mikono yote miwili kuzuia maji yasiende, na maji yakapita katikati ya vidole.

Nyuma yake, langoni, sauti ya mwanamke mwingine ilikuwa ikisema kwamba hana mali ya serikali.